Hesabu ya Nyumba Mbele ya Wadai



Tarehe 22 Desemba 2017, mahakama moja ya Toronto, nchini Kanada, iliipa kampuni ya Banro kinga dhidi ya wadai wake. Banro ndiyo iliyokuwa na mgodi wa dhahabu wa Namoya, pale Salamabila, teritwari ya Kabambare. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1933, na ndani yake mna jambo lililonileta mbele yenu leo: kampuni inayoomba kinga sharti ilete karatasi inayoonyesha, wiki kwa wiki, fedha inayotazamiwa kuingia na fedha itakayotoka. Kwenye karatasi hiyo hutangulia gharama za kuiweka kazi hai. Wadai wa zamani hungoja. Hakimu huisoma, wadai nao huisoma, ndipo mazungumzo yanaanza. Kufikia Mei 2018 Banro ilikuwa imeshatoka katika kinga hiyo, na sehemu ya madeni yake imegeuzwa kuwa hisa.

Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi katika migodi yake. Mgodi ukisimama, mama aliyekopesha unga na samaki kwa ahadi ya mshahara wa mwisho wa mwezi hubaki na daftari lililojaa majina. Yeye naye alikopa ili akopeshe. Je, aende mahakama gani? Sheria ile ya Kanada huifungulia mlango kampuni inayodaiwa zaidi ya dola milioni 5 za huko. Mama wa Salamabila anadaiwa dola 300 na hana usingizi.

Nataka kusema kwamba ile karatasi ya kampuni inaweza kuandikwa na nyumba yoyote ya Kasongo au Kabambare, kwa kalamu ya Bic na daftari la shule, na kwamba nyumba iliyozidiwa na madeni inapaswa kuiandika kabla ya kumwahidi mdai yeyote hata franka moja. Chakula, dawa na kazi ya mikono vinaandikwa kwanza. Kinachobaki, wagawiwe wadai. Najua wengi wetu tulilelewa kinyume chake: mdai akibisha mlangoni, anapewa chochote kilichopo, kisha watoto wanalala na chai kavu.

Nianze na sheria, nisikawie humo. Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA juu ya kufilisika, iliyofanyiwa marekebisho Grand-Bassam mwaka 2015, inamhusu mfanyabiashara, na tangu marekebisho hayo inamhusu pia fundi, mkulima na mtu mwingine anayejitegemea kikazi. Kwa hiyo mwenye duka sokoni Kasongo anaweza, angalau kwenye maandishi, kuomba kinga. Mwalimu hawezi, muuguzi hawezi, mlinzi hawezi. Kufilisika kwa mtu wa mshahara hakumo. Kenya, wenzetu wa mashariki, walitunga sheria mwaka 2015 inayompa njia mtu asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Ufaransa, ambayo wanasheria wetu wanasoma vitabu vyake kila siku, ilitunga yake mwisho wa mwaka 1989, na kamati zake zina desturi ninayoipenda sana: kabla ya kuhesabu watakachopata wadai, zinahesabu kiasi ambacho nyumba lazima ibakiziwe iweze kuishi. Wabunge wetu wa Maniema wanaweza kupeleka jambo hilo Kinshasa. Hadi hapo, tushike tulicho nacho.

Tunacho kifungu cha 39 cha sheria ya OHADA juu ya kudai na kukamata mali. Hakimu, akiisha kutazama hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, anaweza kuahirisha malipo au kuyagawa mafungu katika muda usiozidi mwaka mmoja. Madeni ya matunzo ya familia hayamo, wala hati za kibiashara kama hundi. Mwaka mmoja si mwingi, lakini mpunga huvunwa ndani yake. Lakini hakimu ataitazamaje hali yako, kama hujamwandikia? Machozi hayatamwambia ni kiasi gani unaweza kulipa kwa mwezi.

Jambo la pili tulilo nalo ni kwamba deni peke yake halimpeleki mtu gerezani. Nchi yetu iliridhia mwaka 1976 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Hata hivyo tunajua yanayotokea. Mdai anakwenda kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi anayepeleleza makosa, na deni linabadilishwa jina: linakuwa utapeli, au kutumia vibaya mali ya amana, makosa yaliyomo kweli katika kanuni yetu ya adhabu, vifungu vya 98 na 95. Mdaiwa aliyekimbia usiku kwenda kuchimba dhahabu amewarahisishia kazi. Aliyepeleka hesabu zake kwa wadai wote, tarehe imewekwa, nakala imebaki kwa mzee wa nyumbakumi, ni vigumu sana kumwita tapeli.

Sasa tuketi na daftari.

Anayeandika si baba peke yake. Nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo karatasi nyingi zinapoharibikia. Baba anajua deni la dukani na la Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Mama anajua deni la sabuni, la mafuta ya mawese, la AVEC, chama cha akiba na mikopo, na lile la famasi alilolificha ili kusiwe na ugomvi. Kijana mkubwa ana deni la simu. Mwenye wake wawili ana majiko mawili, na majiko mawili ni kurasa mbili. Akiandika moja, upande mmoja utakula kwa deni jipya, na mwezi wa pili karatasi yote imekufa. Kwa hiyo waketi wote, kila mmoja aseme analodaiwa, na siku hiyo pasiwe na kulaumiana. Lawama iwekewe siku yake. Tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016, mke hahitaji ruhusa ya mume ili afanye makubaliano kwa jina lake. Basi jina lake liandikwe wazi, kwenye madeni yake na kwenye mapato yake.

Mapato yaandikwe kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja. Mtu wa Kabambare anayelima karanga na muhogo akiulizwa kipato cha mwezi atasema hana. Anacho, ila kinakuja kwa kishindo mara moja au mbili, kisha kimya. Mpunga uliopandwa kwa mvua za mwezi wa tisa unavunwa kuelekea mwaka mpya. Siku hizo kila mdai anajua njia ya kwako. Andika magunia unayotazamia, kisha toa mbegu ya msimu ujao, toa chakula cha nyumba hadi mavuno mengine, toa ujira wa wasukuma baiskeli watakaoyafikisha sokoni. Kinachosalia ndicho kipato. Na bei ya gunia iwe ile ya wakati wa mavuno, wakati kila mtu anauza, wala usiandike ile ya wakati wa njaa. Mdai akiona umeandika bei ya juu atafurahi leo, na kesho ni wewe utakayeitwa mwongo.

Nawapa mfano wa nyumba moja niliyoitunga, nyumba ya mwalimu hapa Kasongo mjini, watu saba. Nimechagua tarakimu nyepesi ili wote tufuatane. Mshahara ni franka 400,000. Mama anauza mawese kwa vipimo mbele ya nyumba, faida yake franka 90,000 kwa mwezi. Jumla 490,000.

Chakula: unga wa muhogo, mchele, sombe, mawese, chumvi, samaki wa kukauka mara mbili kwa wiki. Tuseme 250,000. Sabuni, mkaa, kiberiti na kusaga, 35,000. Dawa, 30,000, na fungu hili msilifute kwa sababu mwezi uliopita hakuna aliyeugua. Malaria haina likizo katika mji wetu, na nyumba isiyotenga fedha ya dawa ndiyo inayorudi kwa mkopeshaji saa nane ya usiku, mtoto akiwa na homa, wakati ambao hakuna anayejadili riba. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini watoto wawili wako sekondari: 40,000. Jembe, panga na mbegu za shamba dogo, 20,000. Vocha za simu na kuchaji taa, 15,000. Matanga, 15,000. Akiba ya AVEC, 10,000. Jumla ya matumizi ni 415,000. Zinabaki 75,000.

Kuna watakaouliza kuhusu matanga. Mdai atasema: unanidai subira, halafu unachanga msibani? Nami namjibu mdai kwa heshima zote kwamba anayekosa msibani Kasongo amejiondoa kwa watu, na mtu aliyejiondoa kwa watu hatapata wa kumshika mkono. Ila kiwekwe kiwango, na jamaa waambiwe kiwango hicho mapema. Vivyo hivyo akiba ya AVEC. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 ukasambaa Afrika nzima, na ninyi akina mama mnaujua kuliko mimi: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa zinahesabiwa mbele ya wote. Mtu anayeacha kuweka kabisa hupoteza haki ya kukopa kwa riba ndogo, anabakiziwa Banque Lambert. Apunguze hisa, asiziache.

Tugeukie madeni. Mwalimu wetu anadaiwa dola 200 na mtu wa Banque Lambert, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Nachukua dola moja kwa franka 2,800, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Hilo ni deni la franka 560,000. Dukani anadaiwa 180,000, AVEC 100,000, famasi 60,000. Jumla 900,000.

Itazameni riba ya Banque Lambert. Asilimia 30 ya dola 200 ni dola 60, yaani franka 168,000 kila mwezi. Nyumba inabakiwa na 75,000. Mwalimu huyu hata akimpa mkopeshaji kila kinachobaki, hata akiwanyima wale wengine watatu wote, hafikii nusu ya riba, na zile dola 200 hazijaguswa. Atalipa hadi uzeeni na deni litakuwa limekua. Hajawahi kuliona hivyo kwa sababu hajawahi kuziweka tarakimu mbili kwenye ukurasa mmoja. Na mkopeshaji naye ajue: fedha anayoidai haipo popote katika nyumba ile. Anaweza kuchukua godoro na redio. Anaweza kumfanya mwalimu akimbie. Zaidi ya hapo hana atakachopata.

Kumbe riba ikisimama, mambo yanabadilika. Franka 75,000 ni sehemu ya kumi na mbili ya 900,000. Kila mdai apate sehemu ya kumi na mbili ya deni lake kila mwezi: Banque Lambert franka 46,667, duka 15,000, AVEC 8,333, famasi 5,000. Baada ya miezi 12, wote wamemalizwa, ndani ya mwaka ule ule ambao hakimu ana uwezo wa kuutoa. Nyumba nyingi hazitatoka sawasawa hivi. Nyingine zitahitaji miaka mitatu, na hapo itabidi kuomba kusamehewa sehemu, au kuuza kitu. Ikiwa ni kuuza, kiuzwe kisicholeta chakula. Baiskeli inayobeba mawese isiuzwe, cherehani isiuzwe, wala shamba. Pikipiki ya fahari iuzwe, na viti vya sebuleni.

Kuhusu dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa mwaka 2017 ilikaribia 1,600. Mwaka 2024 ilivuka 2,800. Aliyekopa dola akilipwa kwa franka alikuwa akibebeshwa mzigo ambao mkataba wake haukuutaja. Kwa hiyo siku ya kuafikiana, omba deni liandikwe kwa franka kwa bei ya siku hiyo. Mdai akikataa, basi iandikwe bei ya juu kabisa ambayo malipo ya mwezi hayatavuka. Usitie sahihi karatasi isiyosema lolote juu ya kubadilisha fedha.

Wapo watakaoniuliza kama kumweka mdai nyuma ya chungu cha sombe si kudhulumu haki yake. Ni swali zito, hasa katika mji huu wa misikiti ya zamani, na nimelifikiri sana. Aya ya 280 ya Surat al-Baqara inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki angojewe hadi apate wepesi, na aya mbili mbele yake deni linaamriwa kuandikwa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, waliofundisha pwani yote na ambao elimu yao ilifika huku na misafara, walieleza nini kadhi afanye na mtu aliyefilisika: mali yake huuzwa na kugawiwa wadai kwa uwiano, lakini hadi siku ya mgao yeye na wanaomtegemea hulishwa kutoka katika mali hiyo hiyo, na nguo huachiwa. Kwa hiyo ugawaji wa uwiano nilioufanya hapo juu si mgeni kwetu wala haukutoka Toronto. Na waumini wa Dayosisi ya Kasongo wanajua kwamba Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu.

Mji wetu wenyewe ulikua kwa deni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, hakuja huku na fedha zake tu. Nyuma yake alikuwapo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, aliyetoa bidhaa kwa mkopo: nguo, shanga, bunduki. Deni lile lililipwa kwa pembe za ndovu. Waliozibeba pembe kutoka Kasongo na Nyangwe, kupitia Kabambare hadi Ujiji na pwani, wengi walikuwa watu waliotekwa, ambao hawakukopa hata ushanga mmoja. Nalitaja kwa sababu jambo hilo halijaisha katika nyumba zetu. Binti anayetolewa sekondari ili duka lilipwe, binti anayeozwa mapema ili mahari yake izibe pengo la baba, amebebeshwa deni la mtu mwingine. Ninaposema ada ya shule iandikwe juu ya mstari wa wadai, nina mtoto huyo akilini. Nimewafundisha wenzake, na najua madawati yao yalivyobaki.

Namna ya kuipeleka karatasi nayo ina utaratibu wake. Wadai waitwe siku moja, mahali pamoja, mbele ya mzee anayeheshimiwa na pande zote: imamu, padri, mchungaji, chifu wa mtaa. Usimwendee mmoja mmoja kwa siri, kwa maana yule wa kwanza atataka zaidi na wa mwisho atakuta hakuna kitu. Kila mdai asome madeni yote, hata ya wenzake. Mwenye duka atakapoona kwamba famasi nayo inangoja, na kwamba hakuna aliyependelewa, moyo wake utalainika kuliko kwa hotuba yoyote. Mwenye Banque Lambert huenda akakataa kusimamisha riba. Akikataa, karatasi ile ile, pamoja na sahihi za wale waliokubali, ndiyo inayopelekwa kwa hakimu kuomba muda wa kifungu cha 39.

Nakala ziwe za kutosha kila mdai na moja ya mzee. Kila malipo yaandikwe kwenye nakala mbili, ya mlipaji na ya mlipwaji, kwa tarehe, kiasi na sahihi au dole gumba. Na mshahara wa mwalimu ukichelewa, kama tunavyojua unavyochelewa, asingoje mdai aje kuuliza. Wiki hiyo hiyo aende kwa mzee na karatasi, aandike chini yake: mwezi huu haujalipwa, sababu ni hii, tutalipa nusu tarehe fulani. Nimeacha vielelezo vitupu vya karatasi hiyo kwenye meza pale mlangoni, vimechorwa kwa mkono, na mwenye nyumba ya majiko mawili achukue viwili.